Baba Hakupofushwa na Vumbi

Nilipaswa kumkatalia kaka yangu Luhende. Alinivuta nyuma ya zizi asubuhi ile ambayo wageni walikuwa njiani kuja kuzungumza posa ya binti yake Minza, akaniomba niwaambie kwamba marehemu baba yetu alipofushwa na vumbi la machimbo ya almasi. Nilijua si kweli. Siku kumi na moja kabla ya hapo nilikuwa nimeelezwa hospitalini ni kitu gani hasa kilichomwondolea baba macho yake. Nilijua, na nikakubali.

Jina langu ni Ngasa. Nina miaka sabini na moja. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikafanya kazi ya karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba mpaka nilipostaafu, na sasa naishi Nyahanga, Kahama. Jicho langu la kushoto linaona. La kulia halioni. Haya nimeyaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi za mistari mipana, na binti yangu Kabula ameyapiga chapa bila kubadilisha kitu, ingawa kuna mahali aliniomba nipunguze ukali juu yangu mwenyewe. Nimekataa. Namwandikia mtu aliyeambiwa juzi kwamba ana presha ya macho. Zaidi namwandikia yule ambaye ndugu zake wamemwomba anyamaze.

Nilikwenda kliniki ya macho mjini Shinyanga kutafuta miwani ya kusomea, basi. Nilidhani ningetoka mle ndani baada ya nusu saa. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alinitia matone ya ganzi, akaniambia niegemeze kidevu kwenye mashine, taa ya bluu ikasogea mpaka ikaligusa jicho. Akapima tena. Akamwita daktari naye akapima. Daktari akaniuliza kama kwenye familia kuna mtu aliyepofuka uzeeni. Nikamwambia baba. Akauliza kama baba alikuwa akigonga vitu pembeni huku mbele anaona vizuri. Nikakumbuka jinsi baba alivyoweza kukuhesabia ng'ombe walioko ng'ambo ya bonde, kisha akageuka akajikwaa kwenye mtoto aliyekaa miguuni pake.

Sitaeleza mambo ya kitaalamu kwa sababu siyajui vizuri. Najua alichosema muuguzi wakati ananiandikia kadi. Alisema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Si kila mtoto huupata, lakini kama baba alikuwa nao na mimi ninao, basi ndugu zangu wa tumbo moja wote waje wapimwe, na watoto wangu wakikaribia miaka arobaini waje pia. "Uzuri wake ni kwamba ukiwahiwa unazuilika," alisema. "Ubaya wake ni kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Kwa hiyo mzee, usiende kukaa na habari hii peke yako."

Nilikwenda kukaa nayo. Nilimwambia mtu mmoja tu, Luhende, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu.

Kwetu Usukumani, kabla ya mahari kutajwa, upande wa mume hutaka kujua ukoo wanaouoa una nini ndani yake. Kifafa, ukoma, wendawazimu, upofu. Huwauliza majirani kwanza kimyakimya, kisha huja kuwauliza wenyewe waone kama majibu yanalingana. Luhende alijua majirani wa kijijini kwetu Maganzo wamekwisha kusema kwamba mzee wetu alikufa haoni. Lililobaki lilikuwa sababu.

"Wakisikia upofu wa damu, Minza atazeekea jikoni kwa mama yake," aliniambia kule nyuma ya zizi. "Na mabinti zako nao. Wewe ndiye uliyesoma, Ngasa. Nikisema mimi watadhani nauza mtoto. Ukisema wewe wataamini."

Sitaki kumfanya Luhende awe mtu mbaya. Baba alipoanza kupapasa kuta, watu waliacha kumtazama yeye wakaanza kumtazama mama. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za maisha yake yote, na kila mtu wa huku anajua macho mekundu ya bibi mzee yaliwahi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa uchawi. Luhende ndiye aliyehamishia kitanda chake mlangoni kwa mama, akalala hapo na rungu kwa miezi mitatu. Ndiye aliyeanza kusema ni vumbi. Baba alichekecha kokoto za almasi kwa zaidi ya miaka ishirini, amechuchumaa juani, macho ameyakaza kwenye chekeche. Ilikuwa rahisi kuaminika. Vumbi halimshtaki mtu. Mama akafa kifo chake cha kawaida, na mimi mpaka leo namshukuru kaka kwa hilo.

Lakini uongo uliomlinda mama ulikuwa umemaliza kazi yake. Mimi nikaufufua.

Wageni walikuja saba. Mshenga wao alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole. Tulisalimiana, tukauliza habari za mvua na mifugo, wakapewa maji. Kisha akaniuliza mimi, si Luhende, baba yetu alikuwa ameharibikiwa macho na nini. Nikajibu kama karani anavyosoma uzito wa gunia. Nikasema ni vumbi la almasi, nikaongeza na habari za jua kali na kokoto, nikatumia maneno makubwa kidogo ya shuleni. Nilipomaliza, waliitikia kwa vichwa.

Kushoto kwangu alikuwa amekaa mdogo wetu wa mwisho, Shija. Alikuwa ametoka Geita usiku kucha kwa ajili ya shughuli ile. Shija alikuwa na karasha lake huko, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na kwenye karasha mtu hutoka mweupe kichwa mpaka miguu kama aliyeanguka kwenye pipa la unga. Aliposikia maneno yangu akacheka, akasema, "Kaka hadanganyi. Hata mimi siku hizi nagonga nguzo za karasha kama mlevi. Vumbi lile si mchezo."

Wageni wakacheka naye. Mimi pia nilicheka. Katika uwanja ule wote nilikuwa mtu pekee, ukimwondoa Luhende, aliyejua kwamba Shija alikuwa ameanza kutaja ugonjwa wake kwa mdomo wake mwenyewe.

Tukala wali na nyama. Minza akaposwa.

Baada ya hapo Luhende aliniomba jambo la pili, na hilo halikuhitaji kunibembeleza. Alisema wakwe watakuwa wakiingia na kutoka, kwake na kwangu, mpaka harusi, na hata baada ya harusi mpaka binti atulie, kwa hiyo nisionekane natia dawa. Nikaificha chupa ya matone ndani ya kiatu cha mvua. Nilitia chooni, nimesimama, kichwa nimekilaza nyuma, nusu ya dawa ikitiririka shavuni. Chupa ya nne ilipoisha sikwenda kuchukua ya tano. Nilijiambia naona vizuri. Ugonjwa huu hauumi, na hapo ndipo unapokushinda. Malaria inakulaza, jino linakupigisha kelele, lakini huu unakata kipande kidogo pembeni, kesho kingine, na akili yako inajaza pengo kwa vitu inavyodhani vipo.

Msimu wa kuuza pamba ukapita, mvua zikaja zikaondoka, pamba ikachumwa tena. Miezi kumi. Mke wangu, Mama Kabula, ndiye aliyegundua. Alikuwa akiniwekea kikombe upande wa kulia, nami nakimwaga. Siku ya tatu akauliza kama chai yake siku hizi haina ladha, Baba Kabula, mpaka naimwaga kabla ya kuionja. Nikafunika jicho la kushoto kwa kiganja ili nimwonyeshe kwamba hakuna kitu. Mke wangu akawa moshi.

Nilirudi kliniki. Benchi lile la mbao nalijua sasa kama kiti cha nyumbani. Watu wanaotoka ndani wametiwa dawa ya kutanua mboni, wanaweka viganja juu ya nyusi na kupepesuka juani, na sisi tuliobaki tunawacheka kidogo mpaka zamu yetu. Walinipeleka kwenye kipimo cha kuangalia upana wa kuona. Unaingiza uso kwenye kitu kama beseni jeupe, na kila ukiona nukta ya mwanga unabonyeza kitufe. Kwa jicho la kulia sikuona nukta. Nikabonyeza hivyo hivyo, mara kwa mara, kwa kubahatisha, kama mwanafunzi aliyekutana na mtihani asioujua. Yule muuguzi akazima mashine.

"Mzee Ngasa," akasema, "hapa hatutoi vyeti."

Nikaona aibu ambayo sijaiona tangu nikiwa shule. Akaniuliza miezi kumi nilikuwa wapi. Nikamweleza kila kitu, wageni, vumbi, kiatu cha mvua. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja, kama ndugu zangu wamepimwa. Nikasema bado.

Kabla ya mvua kubwa walinifanyia upasuaji wa jicho la kushoto, Mwanza, ili kulishushia presha. Naikumbuka wodi ile kwa mambo madogo. Kitanda cha jirani kulikuwa na mfanyabiashara wa mchele wa Kagongwa, yeye akitolewa mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa nimefungwa bandeji kwenye jicho zima, kwa hiyo chakula kikija yeye alifunua sahani na kunisomea kilichomo kama mtangazaji wa mpira. Maharage yanasogea, ugali umebaki nyuma. Kila siku alinitia moyo, akidhani tuna ugonjwa mmoja. Alipofunguliwa bandeji akaona mpaka rangi ya kucha za muuguzi, akaniambia, akingoja na mimi nishangilie. Ilibidi nimweleze kwamba wangu si wa kusafishwa kama kioo. Wangu unazuiwa tu usisogee. Akaniachia chungwa alilokuwa ameletewa.

Nikarudi kwenye matone. Macho yakawa mekundu, ngozi ya kope ikawa nyeusi, na kope zenyewe zikarefuka mpaka mke wangu akasema wasichana wa mjini wananunua za bandia na mimi mzee nimepewa bure. Chupa nilizihifadhi kwenye bakuli la mchanga wenye maji chini ya mtungi, zisipate joto. Tangu hapo sihesabu miezi, nahesabu chupa.

Na Shija? Nilimpigia simu nilipotoka hospitali. Nilikuwa nimepanga maneno. Yeye akaniambia karasha linafanya kazi vizuri na kwamba amenunua miwani ya kuzuia vumbi, ile inayofunga pembeni. Tukazungumza habari za mvua. Nikakata simu. Sina cha kujitetea hapo, maana Minza alikuwa amekwisha kuolewa na ana mtoto mgongoni. Hakukuwa na posa ya kulinda tena. Nilikuwa nalinda jina langu, lile la mtu ambaye akisema anaaminika.

Mvua mbili zaidi zilipita. Kisha mke wa Shija akapiga simu kwamba mumewe ametumbukia kwenye shimo la marudio, yale matope ya mawe yaliyokwisha kusagwa. Hakuumia sana. Kilichomtisha mke ni kwamba shimo lile lilikuwa mbele yake, kubwa kama nyumba, mchana kweupe.

Tulikutana Shinyanga. Shija alishuka kwenye basi ameshika bega la mkewe, miwani yake ya vumbi usoni. Tulikaa kwenye benchi lile lile. Muuguzi yule yule akaja na kadi mpya, akauliza kama kwenye familia kuna aliyewahi kupofuka. Shija akajibu haraka, kwa uhakika, kama mtu anayetaja kabila lake.

"Baba. Lakini yeye ni vumbi la almasi. Mimi ni la dhahabu."

Muuguzi alinitazama mimi, kalamu imesimama juu ya kadi. Kulikuwa na watu labda ishirini kwenye mabenchi.

Nikasema, "Shija, si vumbi."

"Si vumbi nini?"

"Baba hakupofushwa na vumbi. Ni ugonjwa wa macho wa kwetu. Mimi ninao. Jicho langu la kulia limekufa kwa huo."

Akageuza uso wote kunitafuta, maana kwa pembeni hakuwa anaona tena. "Umejua lini, kaka?"

"Kabla ya wageni wa Minza."

Nilimwona anahesabu. Harusi, mtoto wa Minza, mvua hii, mvua ile. Akavua ile miwani, akaipapasa.

"Nimenunua hizi jozi tatu," akasema.

Jicho lake moja lilikuwa limekwisha kabisa. La pili lilikuwa linaona kama unavyochungulia kwenye tundu la ufunguo. Walijaribu matone, walijaribu upasuaji Mwanza. Daktari hakutudanganya, alisema tumechelewa mno. Kiangazi kilipofika, tundu likazibika. Luhende naye alipimwa, nilimburuta. Macho yake ni mazima, hana presha, hana chochote. Alipoambiwa alikaa kwenye ngazi za kliniki akalia kwa sauti, na watu wakadhani amepewa habari mbaya.

Nilikwenda Geita kumwomba Shija msamaha. Alikuwa amekaa nje, akimsikiliza mtu mwingine anavyoliendesha karasha lake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hutaniomba radhi hapa pembeni tukamaliza. Ulilisema mbele ya watu, na utalifuta mbele ya watu. Holo anaposwa baada ya mavuno. Utakuja, na watakapouliza utajibu wewe."

Holo ni binti yake. Nilimwuliza kama ana hakika, kwamba huenda binti akakosa mume. Akasema hilo alikwisha kuzungumza na Holo mwenyewe, na kwamba Holo alisema mwanamume wa kukimbia matone akimbie mapema.

Basi nilikwenda. Luhende aliniomba, safari hii mbele ya shemeji zake, nitumie busara. Nikamwambia busara yangu imekwisha kutumika yote. Wageni walipouliza nilisimama, nikasema kila kitu kwa mpangilio. Baba alikuwa na presha ya macho. Mimi ninayo. Shija huyu hapa mnamwona. Kabula binti yangu alipimwa akakutwa nayo inaanza, akaanza dawa, na leo anafundisha shule na anasoma herufi ndogo kuliko nyinyi. Holo amepimwa, bado hana, na atapimwa kila mwaka awe kwenu au asiwe kwenu. Kisha nikatoa chupa mfukoni, nikalaza kichwa nyuma, nikatia tone langu pale pale katikati ya uwanja, saa ambayo haikuwa hata ya dawa.

Walikwenda kando kushauriana. Walikaa muda mrefu. Wakiwa bado huko, shangazi mmoja wa upande wao alizunguka jikoni, akanisalimia, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ile mashine ya taa ya bluu inauma. Nikamwambia haiumi. Akauliza basi la kwenda huko linaanzia wapi.

Holo aliolewa. Mume wa Minza naye, nilipomfuata kumweleza nilivyowadanganya watu wake, alinisikiliza, akasema, "Baba mdogo, mngesema tu." Maneno hayo nayabeba.

Wapo wanaosema natembeza aibu ya ukoo. Waendelee kusema. Natia matone kanisani, sokoni, msibani, na atakayeuliza namweleza. Nimekwisha kuandika wasifu wangu utakaosomwa siku ya mazishi, na nimetaja ndani yake ugonjwa huu kwa jina, na wa baba, na wa Shija. Luhende amesema hatausoma. Kabula amesema atausoma yeye. Watoto wote wa ukoo waliokaribia miaka arobaini tumewapeleka kliniki, kumi na wawili. Wawili wamekutwa nayo. Wote wawili wanaona mpaka leo, na nitawasumbua kuhusu chupa zao mpaka waniombe nife. Ugonjwa huu haukunipata nikiwa mnyonge. Umenikuta mbishi, na nitaufukuzia nje ya kila nyumba yenye jina letu.

Kama umeambiwa unao, usitafute sababu ya heshima. Wapigie ndugu zako leo, na ukiwapigia usizungumze habari za mvua.

Uamuzi wa asubuhi ile nyuma ya zizi ulinigharimu jicho langu la kulia, na hilo nimelisamehe, lilikuwa langu. Ulimgharimu mdogo wangu Shija macho yote mawili, kabla hajatimiza miaka hamsini na mitano, katika miaka ambayo matone yale yale ninayotia mimi yangeweza kuyaokoa. Ana mjukuu, mtoto wa Holo, ambaye hajawahi kumwona. Hunipokea nikienda, na hula na mimi. Haniiti tena kaka. Ananiita Karani.